Nilipokonda, Soko Zima Liliniona

Mi ni mwanamke wa kushuku, nisiwafiche. Mtu akinisalimia kwa furaha kupita ya jana, najiuliza anataka nini. Nimeuza vitenge sokoni Dilala tangu ubinti wangu, na kazi hiyo haikunipunguzia tabia, iliizidisha.

Mwanaume akija kumnunulia bibi yake kitenge, huwa namuuliza, “Bibi yako ni wa namna gani, tata? Munene ao wa kukonda?” Maana mwanamke mnene anataka kitambaa kingi. Wee! Hapo ndipo kazi inapoanza. Anakuna kichwa, anapanua mikono hewani, anaipunguza, anaangalia huku na huku, halafu anamnyooshea kidole mama wa watu anayejipitia zake na beseni la nyanya: “Kama ule.” Mi ninamfahamu bibi yake, tunasali parokia moja, na hafanani na mwenye nyanya hata kidogo. Lakini namkatia kama alivyosema, na kesho yake bibi anakuja kubadilisha, amenuna.

Mwanamke hakosei hivyo. Akikupitishia macho mara moja tu, kutoka shingo mpaka kisigino, ameshajua libaya yako, blauzi ya kitenge, itakatwaje, kwako jana kulipikwa nini, na kama bwana yako bado analala nyumbani. Mi mwenyewe niko hivyo hivyo. Kwa hiyo nilipoanza kukonda, nilijua kabla ya wote kwamba maneno yako njiani.

Zamani nilikuwa mnene, na unene wangu ulikuwa na mwenyewe, lakini mwenyewe hakuwa mi. Alikuwa mama mkwe. Alinitembeza kwa ndugu zake, akinishika mkono hapa juu, penye nyama, akiwaambia, “Angalieni namna mutoto yangu anamulisha bibi yake!” Chakula nilinunua kwa biashara yangu, nikapika kwa mikono yangu, nikala kwa kinywa changu, sifa zikaenda kwa mwanawe. Mi nilicheka tu. Bwana yangu naye hakuwahi kusema kama anapenda mwanamke mnene au mwembamba. Anafanya kazi mgodini Fungurume, analala kambini kule, na akipata konje, likizo yake, anakuja nyumbani Kolwezi. Watoto wetu wameshakuwa wakubwa, wako Lubumbashi kwa masomo. Kwa hiyo siku nyingi nyumba ilikuwa mi na redio.

Kukonda kulianza kwenye mikono. Halafu mashavu. Halafu makalio, na hapo hakuna wa kumdanganya. Nilikuwa nakula vizuri, ugali wetu wa bukari na sombe ya majani ya muhogo na samaki, sahani inajaa, na bado kitenge kinazunguka kiunoni. Na kiu! Nilikuwa nakunywa maji kama mtu aliyefunga mwezi mzima. Nilipochoka na maji nilikunywa munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, nikitia sukari nyingi, nikijiambia kwamba utamu huo utanirudishia mwili. Kutwa nzima nilikuwa namwachia jirani meza yangu nikimbilie choo cha soko.

Huyo jirani wa meza ndiye alikuwa wa kwanza kusema. Tumekaa pamoja miaka, tunagawana kivuli na umbea. Siku moja alinishika mkono, akaupima kwa vidole vyake, akaguna.

“Mama, bwana yako iko na deuxième bureau?”

Kwetu maneno hayo maana yake ni nyumba ya pili, mwanamke wa pembeni. Nikamuuliza nani amemwambia.

“Mwili yako njo inaniambia. Roho ikiuma, nyama inakimbia.”

Wengine hawakusema mbele yangu. Walinipunguzia sauti nikipita, na sauti ikipungua hivyo ni kwa sababu ya ugonjwa mmoja tu, ukimwi, ambao kwetu unaitwa sida na wale wanaothubutu kuuita. Mteja wangu wa zamani alianza kupokea chenji yake kwa ncha za vidole. Niliona. Huyo nilimrudishia kitenge chake nikamwambia akanunue penye mikono mizuri.

Wanaume, eh, wanaume walikuwa na habari nyingine kabisa. Vijana wa taxi-moto, hizo pikipiki za kubeba watu, walipigana kunibeba. “Mama, sasa uko kisichana! Panda, leo moto yangu haitalia!” Mzee mmoja muuza redio, ambaye alikuwa hajanisalimia tangu nimjue, alianza kuniuliza nimeamkaje. Wanawake waliniona nakufa, wanaume waliniona narudi usichana, na wote walikuwa wanaangalia kiuno kile kile. Nilichukia sana. Na kile kisichana nilikipenda kidogo, kwa nini niseme uongo.

Mtu ataniuliza, na hospitali je? Aa, wapi. Ukiwa mnene ukaenda hospitali, una malaria. Ukiwa umekonda ukaonekana kwenye benchi la dispansere, kabla hujarudi nyumbani soko lote limeshakuandikia ugonjwa wako. Niliogopa jina hilo kuliko nilivyoogopa kuumwa. Nilijua mama mkwe akilisikia, nitarudishwa kwetu na masanduku yangu, na sikutaka kupoteza nyumba niliyoijenga kwa jasho.

Nilimngojea bwana yangu. Nilitaka yeye aseme, ili mi nijue la kujibu. Akaja kwa konje yake, akaoga, akala, akasimulia habari za malori yaliyozibana barabara. Kuhusu mi, kimya. Nikasimama katikati ya nyumba, mikono kiunoni.

“Unaniona namna gani?”

“Uko muzuri.”

“Muzuri namna gani?”

“Muzuri tu. Juu ya nini unaniuliza?”

Akarudi kwenye sahani yake. Mtu aliyeniacha na mashavu akanikuta na mifupa ananiambia niko mzuri, bila hata kuniangalia vizuri! Na tangu konje ile alianza kulala akinipa mgongo. Nikajumlisha moja na moja. Fungurume ni mji wa pesa, umejaa mama wenye maduka na wenye mikahawa, wanawake walioshiba. Nikamwona mmoja kichwani mwangu, mkubwa, mweusi, anatembea taratibu. Nilimchukia mpaka nikamjua namna anavyocheka.

Mwaka wa kilio cha baba mkwe ulikuwa unaisha, na familia ilipanga siku ya kumaliza kilio. Kama kawaida, kitenge kimoja kilichaguliwa kwa wakwe na mabinti wote. Mi ndiye niliyekileta, kwa bei ya ndugu. Mama mkwe alinikabidhi kipande changu akiniangalia kiuno.

“Uijaze hii nguo, mama. Batu batasema mutoto yangu hakulishi.”

Hapo bwana yangu akatoa neno ambalo sikulitegemea. Akasema yeye atakipeleka kitenge changu Fungurume, kuna mama mmoja kule anashona vizuri, atanishonea libaya na jipe, sketi yake. Mama yangu! Mwanaume ambaye hajawahi kujua kifungo kinakaa upande gani! Nikamuuliza huyo mshonaji atanipima vipi, mi niko Kolwezi.

“Mi najua kipimo yako,” akasema, na akakunja kitenge vizuri sana, pembe kwa pembe.

Alipoondoka nilipekua nyumba. Sijui nilikuwa natafuta nini, lakini nilijua kuna kitu. Nikafungua kikopo ninachotunzia shanga zangu za kiunoni. Hizo shanga nilifungwa na shangazi yangu nilipoolewa, nyekundu na nyeupe, uzi mmoja mrefu, na zilikaa mwilini mwangu miaka yote hiyo, chini ya nguo, mahali ambapo bwana peke yake anazijua. Nilizivua kwa sababu zilianza kuteremka mpaka mapajani nikitembea. Kikopo kilikuwa kitupu.

Nilikaa chini sakafuni. Kitenge, sawa. Lakini mwanaume anazipeleka wapi shanga za bibi yake? Nilipomweleza jirani wa meza, aliweka mkono kinywani.

“Njia ni mbili tu. Ao kuko mwanamuke anazivaa sasa, ao anazipeleka kwa mufumu wa uchawi bakufunge.”

“Banifunge juu ya nini?”

“Juu usiseme kitu akileta ule mwingine.”

Tangu siku hiyo nilikuwa naomba asubuhi na jioni, na katikati nilikuwa namtukana. Nilikonda zaidi. Macho yalianza kuona ukungu, nikadhani ni machozi.

Akarudi siku chache kabla ya shughuli, na mfuko mkononi, uso unang’aa. Akataka nijaribu mbele yake. Libaya ilinikaa kama imetundikwa mlangoni. Jipe niliipandisha, nikafunga zipu mpaka juu, nikaiachilia. Ikashuka mpaka sakafuni bila kugusa mahali popote. Tulibaki tunaiangalia wote wawili.

“Huyu ni nani?” nikamuuliza.

“Nani nani?”

“Mwenye jipe hii. Makalio anayo, hongera yake. Unamuitaka jina gani? Bibi? Chérie?”

“Unaanza.”

“Mi naanza? Nguo ya wanawake wawili umenishonea, na mi naanza? Na shanga zangu ziko kwa nani?”

Akaingiza mkono mfukoni, akazitoa. Nyekundu na nyeupe, zimefungwa kwa kipande cha gazeti. Akaziweka mezani.

“Mushonaji alitaka kipimo. Nilimupa hizi. Kiuno yako nayo njo hii.”

“Na nguo yangu ya zamani, hukuiona kwa kabati?”

“Nikibeba nguo yako, utasema napelekea mwanamuke. Nilijua kile kikopo haukifungulake.”

Jamani! Kumbe alikuwa ameogopa kunipa shaka, ndipo akanipa shaka mara mbili. Nusura nicheke. Halafu hasira ikarudi kwa mlango mwingine.

“Lakini hizi ni za wakati nilikuwa munene! Soko lote limeona nakonda. Bavijana ba taxi-moto bameona. Mama yako ameona. Wewe unalala na mi, hauna macho?”

Akakaa kwenye kiti.

“Niliona,” akasema. “Mi njo niliona wa kwanza.”

“Sasa juu ya nini unashonesha nguo ya mutu munene?”

“Sikutaka bamama ya kilio bakuone vile uko.”

Nilitaka kuguswa na neno hilo. Mwanaume amepanda gari na shanga mfukoni, amekaa kwa mshonaji na wanawake wakimcheka, ili tu kunifunika mbele za watu wao. Mwanamke mwingine angelia. Mi nilijiuliza: mtu anafunika kitu anachokijua. Huyu anajua nini? Nikamuuliza. Akainuka, akasema anaenda kununua unité, salio la simu, na hakurudi mpaka chakula kilipopoa.

Siku ya kumaliza kilio, mama mkwe aliingia chumbani kunivisha mwenyewe. Alipoona jipe inavyoning’inia alinivua. Alifungua sanduku lake, akatoa vitenge vyake vizito vya zamani, akanizungushia kimoja kiunoni, akakaza, akazungusha cha pili juu yake, halafu cha tatu kwenye makalio, akavifunga kwa pini. Wanawake wengi kwetu wanafanya hivyo wakitaka kujaa, si siri. Halafu akanivalisha jipe juu ya mzigo wote huo. Ikajaa. Ikajaa vizuri mno.

“Njo hivi,” akasema, akinizungusha. “Sasa uko bibi ya mutu.”

Nilipotoka uani chini ya turubai, wanawake walipiga vigelegele. Mashangazi wa bwana yangu, ambao nao walikuwa wakinisema chini chini, walinishika viuno vyangu vya vitambaa na kumsifu mwana wao. Bwana yangu alikuwa amesimama na wanaume wenzake. Aliniangalia, akapumua. Nilimwona akipumua, mabega yalishuka kabisa. Nikasema moyoni, haya, umepata ulichotaka, leo mimi ni mzima.

Jua lilikuwa kali. Ndani ya vitenge vile nilikuwa naiva. Kinywa kilikauka mpaka ulimi ukagoma, na vijana walikuwa wanagawa soda. Nilikunywa moja ya machungwa, nikaomba nyingine, nikachukua na ya mama aliyekaa kando yangu. Kila nikinywa kiu inazidi. Kwaya ilisimama kuimba, nikasimama pia, na nilichokumbuka baada ya hapo ni turubai linakuja chini. Kumbe turubai lilikuwa mahali pake.

Niliamka dispansere, serumu ikiniingia mkononi, na chini sakafuni rundo la vitenge vya mama mkwe walivyonivua. Muganga, mama mmoja mfupi mwenye sauti kubwa, alikuwa ameshanichoma kidole. Bwana yangu alikuwa kwenye benchi, kofia mkononi, anaitafuna pembe yake.

“Ni sukari,” muganga akasema. “Iko juu sana. Kiu, kukojoa, kukonda, ilianza lini?”

Nikamweleza. Aliniuliza mbona nilikaa nayo muda wote huo. Nitamwambia nini, kwamba kila aliyeuangalia mwili wangu alikuwa anamtafuta mwanaume ndani yake, na mi pia nilikuwa natafuta pamoja nao?

“Ni sukari tu?” bwana yangu akauliza.

“Sukari tu? Tata, kidogo imuue leo.”

Lakini yeye alikuwa anacheka. Alicheka, akafuta macho kwa kofia, akacheka tena, akasema, “Mungu, asante, ni sukari.” Sijawahi kumwona mtu akifurahia ugonjwa namna ile. Nilimwangalia nikiwa nimelala, serumu inatiririka polepole, na nikaanza kuelewa, na nilivyoelewa nikatamani nisingeamka.

Muganga akasema kwa kuwa nilikuwa nimekonda hivyo, itakuwa vizuri kupima pia ile damu nyingine, ya sida, ili tujue wote.

“Hakuna lazima,” bwana yangu akasema haraka. “Mi nilisha kupima. Niko muzuri.”

“Tata,” muganga akamjibu, “damu yako si damu yake.”

Nikamuuliza bwana yangu, taratibu, kwa sababu nguvu ya kupiga kelele sikuwa nayo:

“Ulipima lini?”

Akaangalia kofia.

“Ulipima lini?”

“Kule Fungurume. Wakati ulianza kukonda.”

Miezi yote hiyo. Ameniona nakonda, amepanda gari, ameenda kuitafuta roho yake, ameikuta nzima, amerudi nayo nyumbani. Na akiwa mzima, na mi nakonda, basi amejua: bibi yangu ameutoa ugonjwa kwa mwanaume mwingine. Huyo mwanaume wa kubuni naye, lazima bwana yangu alimjua kichwani mwake, namna anavyotembea, namna anavyocheka. Na akalala na mgongo wake, akala bukari yangu, na hakunishika mkono kunipeleka popote. Mi niliona uchungu ambao mwanamke mkubwa wa Fungurume, kama angekuwepo kweli, asingeweza kunipa.

“Ukaniacha nife ukiniangalia,” nikamwambia.

“Niliogopa.”

“Uliogopa juu yako.”

Muganga alichukua sindano akasema tuanze. Bwana yangu akasogeza benchi karibu na kitanda, akataka kunishika mkono usio na serumu. Nikauondoa.

“Kaa inje,” nikamwambia. “Jibu yako ulienda kuipokea peke yako. Na mi nitapokea yangu hivyo.”

Alitoka, na muganga akafunga mlango.

Siku hizi nina vidonge vyangu, soda nimeiacha, munkoyo naonja tu bila sukari. Mwili umerudi kidogo, kwenye mashavu na mikono. Vijana wa moto wamepunguza mbio zao, na jirani wa meza anasema inaonekana bwana ameiacha ile deuxième bureau. Mama mkwe ameanza tena kunitembeza. Na mi na bwana yangu bado tunaishi nyumba moja, anakuja kwa konje zake, tunaongea habari za watoto.

Ile damu nyingine ilikuwa nzuri, haina kitu. Mpaka leo hajaniuliza, na mi sijamwambia.